Uzi maalum wa mbegu za farasi na poni: wametoka wapi, nani kaumbwa kwa kazi gani, na kwanini wengi ni watoto wa baba wachache tu

Hatamu Mkononi (mleta uzi)

Wakuu heshima mbele. Kuna uzi mwingine humu watu wamebishana mpaka wakafika kwenye matusi kisa poni, mmoja anasema poni ni mtoto wa farasi akikua anakuwa farasi kamili, mwingine anasema ni mnyama tofauti kabisa kama alivyo punda. Wote wamekosa. Poni ni farasi yuleyule, spishi ileile, anazaa na farasi mkubwa bila shida yoyote, ila ni mfupi na umbo lake limekaa kivyake: miguu mifupi, kifua na tumbo pana, shingo nene, singa nyingi. Poni wa miaka 30 bado ni poni, hakui akabadilika.

Kimashindano mpaka wameuweka kwenye sm 148 hivi, anapimwa kutoka chini mpaka juu ya mabega pale shingo inapoishia, maana kichwa kinapanda na kushuka kwahiyo huwezi kukitumia kupimia. Chini ya hapo poni, juu ya hapo farasi. Ila ukiifuata hiyo sheria kama msahafu utachanganyikiwa, nitaeleza.

Nimeona nifungue uzi kabisa maana hii mada huwa inaongelewa juujuu, watu wanatupia picha za farasi weusi wanaong'aa halafu basi. Mimi nataka tuongelee ukoo.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa wa DNA ya mifupa ya farasi wa kale, ukaonyesha kwamba farasi wa kufugwa wa leo wote, awe wa mbio awe wa kukokota magogo, asili yao ni nyika za kuzunguka mito Volga na Don, upande wa Urusi ya sasa. Kuanzia kama miaka 2200 kabla ya Kristo wakasambaa kwa kasi ya ajabu, na ndani ya karne chache wakawa wamewafunika farasi wengine karibu wote waliokuwepo Ulaya na Asia. Kuna jeni mbili zilizochaguliwa sana kipindi hicho, moja inahusishwa na uimara wa mgongo na nyingine na utulivu wa mnyama. Yaani watu wa enzi hizo walitaka farasi anayestahimili mtu mgongoni na asiye na jazba. Mpaka leo ukiongea na mtu anayefuga atakwambia anatafuta hivyohivyo.

Sasa hoja yangu kuu ndo hii, na ndo kilichonifanya nikae chini kuandika. Ukifuata upande wa mama, farasi wana mistari ya ukoo mingi sana, majike wa kila sehemu waliingizwa kwenye mchanganyiko. Ukifuata upande wa baba, maajabu. Utafiti wa 2017 wa kromosomu Y, kile kipande cha urithi ambacho baba anampa mtoto wa kiume tu, ulikuta kwamba ukiacha mistari michache ya Ulaya kaskazini, madume wa mbegu za kisasa karibu wote wanarudi kwenye ukoo mmoja wa baba wenye umri wa kama miaka 700 tu, ulioingia Ulaya na madume waliotoka mashariki, wa Kiarabu na wa Turkmeni. Sababu ni rahisi, jike anabeba mimba miezi 11 na anazaa mmoja, dume mmoja anaweza kuacha watoto mamia. Mtu mwenye pesa akilipenda dume moja, baada ya vizazi vichache kijiji kizima cha farasi kina babu mmoja.

Mfano wa kwanza lazima uwe Thoroughbred, yule wa mbio. Wote duniani, narudia wote, upande wa baba wanaishia kwa madume watatu walioletwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa 18. Byerley Turk, huyu kapteni Robert Byerley alimpanda kwenye vita ya Boyne huko Ireland mwaka 1690. Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo na kufika Uingereza mwaka 1704. Na Godolphin Arabian aliyefika miaka ya 1720 mwishoni akipitia Ufaransa. Kati ya hao watatu, Darley Arabian kawameza wenzake, leo kama asilimia 95 ya madume ya Thoroughbred ni mstari wake, na sehemu kubwa inapitia kwa kitukuu wa mwanae, dume aliyeitwa Eclipse, kazaliwa 1764 siku za kupatwa kwa jua na hakuwahi kushindwa mbio hata moja.

Kitabu chao cha ukoo kilianza miaka ya 1790 na kimefungwa, kama mama na baba hawamo basi mtoto hamo. Na hawaruhusu uhimilishaji, yaani kumpa jike mbegu za dume kwa chombo, dume lazima lipande lenyewe, ndo maana madume bora wanasafirishwa kwa ndege kutoka kaskazini mwa dunia kwenda kusini kufuata misimu miwili ya kupandisha kwa mwaka mmoja. Kazi ngumu hiyo jamani.

Naendelea baadae, nataka kuongelea Waarabu, Akhal-Teke, halafu wale majitu ya kukokota.

Nipo Nyuma ya Pazia

Nimekaa paleee. Ila mkuu uzi mrefu hivi ungeweka na picha.

Lijamu

Mleta uzi umetisha. Nyongeza kidogo hapo, sio Thoroughbred peke yao. Morgan wa Marekani, mbegu nzima inaanzia kwa dume mmoja aliyeitwa Figure, kazaliwa 1789, mwenyewe alikuwa mwalimu anaitwa Justin Morgan wa Vermont. Alikuwa mdogo wa umbo lakini anavuta magogo, anapandwa, anakimbia, kila kitu. Na Suffolk Punch wa Uingereza, wale wekundu wa kulimia, wote waliopo leo upande wa baba ni dume mmoja aliyezaliwa 1768. Haflinger wa milima ya Tyrol ndo usiseme, mistari yote ya madume inarudi kwa mmoja wa mwaka 1874 anaitwa Folie. Standardbred, wale wa mbio za kukokota kigari, karibu wote wanatokea kwa Hambletonian aliyezaliwa 1849, huyo aliacha watoto zaidi ya 1,300. Kwahiyo hoja ya kijiji chenye babu mmoja ipo kila kona.

Mbishi Halali

Sasa kama wote babu mmoja, mbona mmoja ana kilo 1,000 na mwingine anafika kiunoni? Naona kama mnatupanga.

Hatamu Mkononi

@Mbishi Halali swali zuri hilo wala hatukupangi. Baba mmoja hafanyi watoto wafanane milele, kinachogawanya ni kazi na ardhi. Kromosomu Y ni kipande kidogo tu cha urithi, umbo linatoka kila upande. Ukichukua watoto ukawachagua kwa nguvu ya kukokota kizazi baada ya kizazi unapata kitu kimoja, ukiwachagua kwa mbio unapata kingine, ukiwaacha kisiwani kwenye upepo na majani haba unapata poni. Na ndo maana mimi sitaki kuanza na rangi wala urembo nikiongelea mbegu, naanza na swali alikuwa anafanya kazi gani.

Haya farasi wa Kiarabu. Mabedui walimtaka farasi wa kusafiri mbali kwenye joto, maji kidogo, chakula kidogo, halafu anakaa karibu na watu kambini. Matokeo ndo unayoyaona: kichwa kidogo chenye uso uliobonyea kidogo, pua pana, mkia unabebwa juu, mwili mwepesi. Baadhi yao wana jozi 17 za mbavu badala ya 18, na pingili 5 za kiuno badala ya 6, mgongo unakuwa mfupi. Kwa mbio fupi sio mkali kihivyo ila kwenye mashindano ya ustahimilivu ya km 160 kwa siku moja anatawala, huko hata ukija na farasi wa bei mbaya wa mbegu nyingine utamuona kwa mbali tu. Na kwa sababu alipelekwa kila mahali kuboresha mbegu nyingine, damu yake ipo karibu kwa kila farasi mwepesi unayemuona.

Ila mimi kipenzi changu ni Akhal-Teke wa Turkmenistan, yupo mpaka kwenye nembo ya taifa. Mwembamba kama mbwa wa kuwinda, shingo ndefu, na manyoya yana mng'ao wa chuma, wa rangi ya dhahabu ukimuweka juani unadhani kapakwa rangi. Watu wanaishia hapo kwenye mng'ao wanasahau kazi. Mwaka 1935 kundi la wapanda farasi lilitoka Ashgabat mpaka Moscow, zaidi ya km 4,000, siku 84, na ndani yake walikatiza jangwa la Karakum siku tatu karibu bila maji. Halafu mwaka 1960 Olimpiki ya Rome dume mweusi wa Akhal-Teke anaitwa Absent akachukua dhahabu kwenye yale mashindano ya farasi kucheza miondoko akiwa na Sergei Filatov. Jangwa na kucheza, mbegu ileile.

Kuna mgawanyo utausikia sana wa damu moto, damu baridi na damu vuguvugu, hauhusiani na joto la mwili kabisa, ni tabia. Moto ni Waarabu, Thoroughbred, Akhal-Teke, wepesi wa kushtuka na wepesi wa kuelewa. Baridi ni majitu ya kukokota. Vuguvugu ni mchanganyiko, wengi wa Ujerumani na Uholanzi.

Majitu sasa. Shire wa Uingereza anashikilia rekodi ya urefu wa kihistoria, dume aliyehasiwa, kazaliwa 1846, aliitwa Sampson, baadae wakamuita Mammoth, alifika mita 2.19 begani na kilo zaidi ya 1,500. Begani wakuu, kichwa bado. Percheron wa Ufaransa ni mzito lakini mwepesi wa miguu maana alikuwa anakokota magari ya abiria na barua, sio plau tu. Clydesdale wa Scotland ana yale manyoya marefu miguuni, mazuri kwenye picha, ila kwenye tope ni balaa, ngozi ya chini inashika unyevu na kuoza kama humuangalii. Ndo maana wakulima wa udongo mzito wa Suffolk walimchagua wa kwao awe na miguu mitupu. Ukiambiwa manyoya ya miguuni ni urembo tu kumbuka kuna mtu alitakiwa kuyafua.

Hawa ndo walioumizwa zaidi na trekta. Hao Suffolk Punch walibaki kidogo wapotee kabisa baada ya vita ya pili ya dunia na mpaka leo wapo kwenye orodha ya mbegu zilizo hatarini.

Bibi Nyuzi

Na mimi nichangie upande wa poni maana naona mnawaruka. Shetland hazidi sm 107 lakini ukilinganisha nguvu na uzito wake anawaacha wakubwa wengi. Uingereza mwaka 1842 ilipitishwa sheria ya kuzuia wanawake na watoto chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi kwenye migodi ya makaa, wenye migodi wakaingiza poni kwa wingi, wengine walikaa hukohuko chini na mabanda yao. Wakachagua wafupi zaidi na wenye miguu mizito. Kwahiyo huyu wa kupandwa na watoto leo, babu zake wamekokota makaa gizani.

Na huyo Shetland tabia yake msidanganyike na sura. Ana akili na ni mbishi, mtoto asiyejiamini anasomwa mapema sana.

Sasa lile la sm 148 kuwachanganya watu: farasi wa Iceland wengi wapo chini ya hapo, ukienda kwao ukamuita poni wanakununia. Caspian wa Iran ana kama mita 1.1 hivi lakini umbo lake ni la farasi kamili aliyepunguzwa, wengi walidhani ametoweka mpaka Louise Firouz alipowakuta mwaka 1965. Falabella wa Argentina ni mdogo kuliko Shetland na bado wanamuita farasi mdogo, sio poni. Halafu upande wa pili farasi wa kuchezea polo wanaitwa poni hata akiwa amepita kipimo na ni nusu Thoroughbred. Kwahiyo kipimo ni cha mashindano, umbo na tabia ndo vinaongea.

Chauro

Huyo wa Iceland si ndo yule mwenye mwendo wa ajabu, mpandaji anakaa kimya kabisa juu hatikisiki? Nimeona video jamaa kashika glasi imejaa na haimwagiki.

Hatamu Mkononi

@Chauro ndo huyo. Farasi wa kawaida ana hatua ya kutembea, mchakamchaka na shoti. Huyu ana wa ziada unaitwa tölt, miguu minne inagusa chini kwa zamu bila kuruka juu, ndo maana mpandaji hachezicheza. Baadhi wana na wa tano wa kasi, miguu ya upande mmoja inaenda pamoja. Mwaka 2012 wakagundua ni badiliko moja tu kwenye jeni inaitwa DMRT3 inayohusika na mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo inayopanga miguu. Badiliko hilohilo lipo kwa Standardbred, kwa Tennessee Walking Horse, kwa Paso Fino. DNA ya mifupa ya kale inaonyesha lilikuwepo York huko Uingereza karne ya 9, na Waviking ndo wanaodhaniwa kulipeleka Iceland. Kisiwa hakikuwa na barabara, safari ndefu, nani anataka farasi wa kumvunja kiuno? Wakachagua laini.

Na wale jamaa ni wakali kwenye kulinda. Inasemwa katazo la kuingiza farasi lilipitishwa bungeni kwao tangu mwaka 982, na mpaka sasa farasi akitoka Iceland, hata kwenda mashindano ya wiki moja, harudi tena. Kila timu inayokwenda nje inajua inauza farasi au inawaacha huko. Faida yake ni kwamba magonjwa mengi ya farasi hayapo kisiwani, hasara yake ni kwamba yakiingia hawana kinga.

Mbishi Halali

Nimekuelewa kidogo. Ila Wamarekani vipi, mustang si farasi wa asili wa kule?

Lijamu

Hapana mkuu. Farasi walianzia bara hilo mamilioni ya miaka iliyopita ni kweli, lakini wakatoweka huko kama miaka 10,000 iliyopita. Mustang wa leo ni kizazi cha farasi wa Wahispania, Cortés, kamanda wao, alipotua Mexico mwaka 1519 alikuwa na farasi 16 tu. Waliotoroka na kuibiwa ndo wakazaana porini, baadae wakachanganyika na wa wakulima na wa jeshi. Tangu 1971 wanalindwa na sheria ya serikali kuu.

Wenyeji wakawa wafugaji hodari kuliko waliowaleta. Wanez Perce, kabila moja la wenyeji hao, walikuwa wanachagua madume kwa makusudi na ndo tukapata Appaloosa mwenye madoa. Baada ya vita ya 1877 farasi zao wakanyang'anywa na kusambazwa, mbegu ikakaribia kufa, klabu ya kuwakusanya tena ilianzishwa 1938. Jeni ya hayo madoa ina kasoro yake, akiirithi kutoka kwa baba na mama anakuwa haoni usiku.

Halafu kuna Quarter Horse, hapa nadhani mleta uzi atakubali. Thoroughbred mwache kwenye km 2, lakini kwenye robo maili, mita 402, huyu anamuacha kwenye mataa. Makalio yamejaa misuli, anaondoka kama kafyatuliwa, na kwenye ng'ombe anajiongoza mwenyewe, ng'ombe akigeuka yeye keshageuka. Chama chao ni cha 1940 na ndo kitabu chenye farasi wengi zaidi duniani.

Hatamu Mkononi

Nakubali, na umenikumbusha upande mbaya wa hii habari ya baba mmoja. Kwenye Quarter Horse kulikuwa na dume aliyezaliwa 1969 anaitwa Impressive, misuli hatari, anashinda maonyesho ya umbo, kila mtu akataka mtoto wake. Kumbe kabeba ugonjwa wa misuli unaoitwa HYPP, potasiamu ikipanda mnyama anatetemeka, anaanguka, wengine wanakufa. Kwa kuwa aliyeshinda ndo aliyepandishwa, ugonjwa ulisambaa na tuzo zake. Baadae chama kikalazimisha vipimo, na waliozaliwa kuanzia 2007 wakiwa na nakala mbili za jeni hiyo hawaandikishwi tena.

Ndo maana nawapa heshima Wajerumani kwenye vuguvugu. Mji wa Celle, pale ilipoanzia mbegu ya Hanoverian, kituo cha madume kilianzishwa 1735, na mpaka leo dume halipandishi kwa sababu baba yake ana jina, linakaguliwa, linapimwa, likishindwa linahasiwa. Na kitabu kiko wazi, damu ya nje ikiwa bora inaingia. Waholanzi wanafanya hivyohivyo, wakatuletea farasi Valegro aliyechukua dhahabu ya Olimpiki London 2012 na Rio 2016 akiwa na mpandaji Charlotte Dujardin.

Chauro

Vipi Afrika mbona hamuigusi?

Bibi Nyuzi

Kaskazini kuna Barb, mgumu huyo, na ana mchango mkubwa kwa farasi wa Hispania. Ukishuka kusini ya Sahara mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, vilizuia farasi sehemu kubwa, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, pundamilia anaubeba bila kuumwa lakini farasi anakufa haraka. Waliopona ni wa nyanda kavu na milima. Poni wa Basuto kule Lesotho ni kizazi cha farasi walioletwa Rasi, kusini mwa Afrika, na Waholanzi kutoka Java kuanzia 1653, milima na baridi vikamfupisha na kumkomaza, kwato ngumu, anapita kwenye mawe ambapo farasi wa maonyesho hathubutu.

Nipo Nyuma ya Pazia

Swali la mwisho kabla sijalala, yule farasi pori wa Mongolia mwenye singa zilizosimama, yeye babu yake nani?

Hatamu Mkononi

Huyo ni Przewalski, na ndo pekee asiye kwenye ukoo wa Volga na Don. Ana kromosomu 66, hawa wetu wana 64. Utafiti wa 2018 ulionyesha yuko karibu na farasi waliofugwa na watu wa Botai, Kazakhstan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Porini alionekana mara ya mwisho miaka ya 1960, waliobaki walikuwa kwenye mabustani ya wanyama, na waliopo leo wote wanatokana na kama 12 waliokamatwa porini. Walirudishwa Mongolia kuanzia 1992. Shida ni ileile ya uzi mzima, mababu wachache mno, kwahiyo mwaka 2020 wakamzalisha kwa kloni, yaani nakala ya mnyama kutoka seli zake, dume anaitwa Kurt kutoka seli zilizogandishwa San Diego tangu 1980, za dume ambaye jeni zake zilikuwa zimepungua sana kwenye kundi lililopo. Mwaka 2023 wakatengeneza na wa pili kutoka seli hizohizo, wakakuzwa pamoja.